Unanunua chensoo ya mtumba mtandaoni? Kagua haya kabla hujatoa hela

Dar es Salaam. Ukiingia Jiji, Facebook au Instagram leo utakuta misumeno ya mnyororo, maarufu kama chensoo, inauzwa kwa bei inayoshawishi. Picha moja, namba ya simu, na maelezo kwamba mashine "haina shida yoyote". Wauzaji wengi hutaja Kariakoo au Gerezani kama mahali pa kukutana.

Wapo wanaopata mashine nzuri kwa njia hii. Wapo pia wanaobeba chuma chakavu, au mashine inayoweza kuwajeruhi. Tofauti iko kwenye ukaguzi wa nusu saa.

Kabla ya kutoka nyumbani

Mwombe muuzaji picha ya namba ya mashine iliyogongwa kwenye bodi, na video fupi akiiwasha. Anayekwepa yote mawili, achana naye.

Akikwambia utume nauli ya bodaboda au "advansi" ili asimuuzie mwingine, usitume hata mia. Ni ndugu wa ile ya "hela tuma kwenye namba hii". Lipa mashine ikiwa mkononi.

Pita pia kwenye maduka ya vipuri Kariakoo uulize bei ya pistoni, silinda na mnyororo wa modeli hiyo. Jumlisha na bei ya tangazo. Ikikaribia bei ya mpya, hapo hakuna unafuu.

Feki au orijino?

Stihl ya Ujerumani na Husqvarna ya Sweden ndizo zinazoigwa sana. Tazama namba ya mashine: ikiwa imekwanguliwa, haipo, au ni stika tu inayobanduka, shtuka. Angalia maandishi ya jina herufi kwa herufi, na plastiki yenye kingo zilizokatwa vibaya.

Mashine ya Kichina yenye jina lake si lazima iwe mbaya. Tatizo ni kulipia jina la Ulaya ukapewa kitu kingine. Bidhaa bandia ziko chini ya Tume ya Ushindani (FCC), na unaweza kuripoti huko.

Injini

Fika na uguse mashine kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha mapema, na huenda anaficha kwamba ikiwa baridi haiwaki. Subiri ipoe.

Ikiwa imezimwa, inyanyue kwa mpini wa kamba ya kuwashia. Ikishuka taratibu kwa kukwamakwama, kompresheni ipo. Ikiporomoka moja kwa moja, injini imechoka.

Kisha mwombe fundi afungue ekzosi, umulike ndani kwa tochi ya simu. Pistoni nzuri ni laini. Ikiwa na mikwaruzo ya juu kwenda chini, kuna uwezekano mkubwa ilitumia petroli bila oili ya kutosha. Injini hizi hazina oili yake pembeni kama gari. Oili ya tuu-stroku huchanganywa kwenye petroli, mara nyingi mililita 20 kwa lita moja. Aliyeweka petroli tupu ameshaiua, hata kama leo inanguruma.

Usalama wako

Washa. Ikiwa sailensa, mnyororo usizunguke. Ukizunguka, huenda ni marekebisho madogo ya kabureta, au krachi imekufa.

Elekeza ncha kwenye boksi safi, bila kuligusa, kisha vuta moto. Mstari wa oili ukitokea, pampu ya kulainisha mnyororo inafanya kazi.

Zima, sukuma kinga ya mbele ya mkono, kisha jaribu kuvuta mnyororo ukiwa na glovu. Usisogee. Hiyo ndiyo breki: ncha ikigonga gogo, mashine huruka kuelekea usoni, na breki ndiyo huzuia mnyororo. Iliyoondolewa au isiyokamata ni sababu tosha ya kuondoka.

Makaratasi

Kununua kitu ukijua ni cha wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Dukani, dai risiti ya EFD. Kwa mtu binafsi, andikishaneni kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mkitaja namba ya mashine na vitambulisho. Anayegoma kuandikishana, jiulize kwa nini.

Kumbuka pia kuwa kumiliki chensoo si ruhusa ya kukata miti. Sheria ya Misitu ya 2002 inakataza kukata kwenye hifadhi bila kibali. Waone TFS au ofisa misitu wa wilaya kwanza.

Na kama umeshapokea ujumbe wa kitapeli, upeleke kwenda 15040, namba ya bure ya kuripoti, ili laini hiyo ifanyiwe kazi kabla mwingine hajalizwa.