Gobori za Chetambe: moto uliingia wapi?

Barabara ya kutoka Kitale kuelekea Webuye hupita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu. Juu ya Webuye, katika Kaunti ya Bungoma, kuna vilima vya Chetambe, na hapo mwezi wa Agosti 1895 mamia ya watu walikufa. Watoto wengi husimuliwa vita hivyo kwa sentensi moja: Waingereza walikuwa na bunduki, Wabukusu walikuwa na mikuki. Sentensi hiyo inawakosea waliokufa. Wabukusu walikuwa na bunduki, na bunduki hizo ndizo zilizoleta vita.

Miaka mingi kabla ya bendera ya Uingereza kufika, misafara ya Waswahili ilikuwa ikipanda kutoka pwani hadi Mumias kutafuta pembe za ndovu. Bunduki zilikuja na misafara hiyo, na baadhi zikabaki mikononi mwa wenyeji. Mwishoni mwa 1894 Frederick Spire, aliyekuwa afisa wa serikali pale Mumias, aliwatuma askari wa Kisudani wakazitwae. Wabukusu wakawaua. Mwaka uliofuata maafisa wa Uingereza C. W. Hobley na William Grant walikuja na jeshi la Wasudani, Waganda na Wawanga, wakaipiga ngome ya Lumboka, kisha ile ya Chetambe.

Sasa tuulize kama mtu wa sayansi: bunduki za aina gani? Kiswahili cha zamani kina jibu zuri kuliko vitabu vingi vya shule, kwa sababu wazee wa pwani waliitambua bunduki kwa njia ambayo moto unaifikia baruti. Bunduki ya mrao ilikuwa na utambi uliokuwa ukifuka moshi muda wote; ukivuta, utambi huinama na kugusa baruti. Bunduki ya gumegume ilipiga jiwe gumu kwenye chuma, cheche zikaruka. Bunduki ya fataki ilitumia kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali ya zebaki inayolipuka ikigongwa tu, ugunduzi uliotokana na kazi ya Alexander Forsyth wa Uskoti, aliyesajili njia ya kuwasha baruti kwa kugonga mwaka 1807. Zote hizo hushindiliwa kwa mbele, kwenye mdomo wa mtutu, na ndizo tunazoziita gobori.

Baruti yenyewe ni mchanganyiko wa shura, mkaa na kiberiti, kwa kawaida sehemu 75, 15 na 10. Siri iko kwenye shura: ina oksijeni ndani yake, kwa hiyo mchanganyiko huwaka hata ukiwa umefungiwa ndani ya chuma pasipo hewa. Lakini zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Hubaki kama chembe ngumu: nyingine hutoka kama moshi mzito mweupe unaomwonyesha adui mahali ulipo, nyingine hung'ang'ania mtutuni kama masizi. Masizi hayo huvuta unyevu. Na huko Bungoma, Agosti ni mwezi wa mvua.

Mtazame mlinzi wa ngome akiwa na gobori. Anamimina baruti kwa kipimo. Anatia kitambaa, kisha risasi au marisau. Anachukua mdeki, ule ufito mrefu, anashindilia mpaka chini. Anaweka fataki juu ya kitundu, anainua, analenga, anapiga. Askari aliyefunzwa vizuri hupiga mara tatu kwa dakika, tena akiwa amesimama, maana kushindilia bunduki ndefu umelala ni taabu kubwa. Baada ya risasi kadhaa masizi yamejaa na mdeki haupiti vizuri.

Bunduki za kijeshi za Waingereza wakati huo, kama Snider na Martini-Henry, zilifunguliwa kwa nyuma. Baruti, risasi na fataki vyote vilikuwa ndani ya ganda moja la shaba. Moto ukiwaka, shaba hutanuka kwa kitambo kidogo sana na kuziba nyuma ya mtutu ili gesi isimrudie mpigaji. Shinikizo likishuka, ganda hunywea na kutoka. Martini-Henry ilipiga mara kumi au zaidi kwa dakika, na mtu akiwa amelala chini. Kwa maoni yangu ganda hilo dogo, lisilopewa hata sanamu, ndilo lililobadilisha historia ya bara hili kuliko mizinga yote.

Masimulizi ya Chetambe hutaja pia silaha ya Hotchkiss, na wengi huiita bombomu. Bombomu ni jina lililotokana na mlio, nalo linafaa kwa Maxim, iliyobuniwa London mwaka 1884: kila risasi iliutumia mrudisho wake kupakia iliyofuata, zipatazo 600 kwa dakika, huku mtutu ukipozwa kwa maji. Bombomu ya Hotchkiss ilikuja baadaye kidogo. Mwaka 1895 jina la Hotchkiss lilimaanisha mzinga mdogo, unaorusha makombora yanayopasuka.

Ngome za Wabukusu, walizoziita chingoba, zilijengwa kwa kuta nene za udongo na handaki kuzunguka. Hazikuwa ujinga. Udongo hunyonya nguvu ya risasi kwa kubonyea, mahali ambapo jiwe lingepasuka, na handaki lilitosha kumzuia mshambuliaji mwenye mkuki. Lakini ukuta unamlinda mtu mradi tu aliye nje atalazimika kusimama na kushindilia upya. Wakati huo wa kushindilia ndio ulikuwa nafasi ya walinzi kutoka na kurudisha pigo, na mbele ya ganda la shaba nafasi hiyo ilitoweka.

Katika miaka ya 1940 Elijah Masinde na wafuasi wake wa Dini ya Msambwa walikusanyika Chetambe kuwakumbuka waliouawa. Leo wanafunzi hupanda kilima hicho kwa ziara, na wengine hufika hadi makumbusho ya Kitale, yaliyoanzishwa kwa mkusanyiko wa Hugh Stoneham. Ningependa anayewaongoza aache kusema "bunduki" kwa jumla. Awaambie zipi zilishindiliwa kwa mbele na zipi zilifunguliwa kwa nyuma, kisha awaache watazame mteremko na kukadiria mtu angeupanda mbali kiasi gani kabla gobori moja haijawa tayari tena.