Meseji Inayojituma Lazima Ijue Kunyamaza

Mteja amelipa gesi ya kilo 6 kwa till yako leo. Wiki kadhaa baadaye anapata meseji: "Gesi inakaribia kuisha? Tupigie tukuletee." Wewe uko dukani unahudumia wengine, programu ya kampeni ndiyo iliyokumbuka. Raha, sivyo?

Ni raha, lakini kuna kosa ambalo sisi wenyewe tulilifanya. Tulipanga meseji tatu za kuwahimiza wafanyabiashara wapya waanze kutumia till. Mmoja akaanza siku hiyo hiyo, na bado tukamtumia ya pili, kisha ya tatu: "Mbona hujaanza?" Alitupigia akiwa amekasirika, na alikuwa na haki. Tulipanga jinsi ya kuanza, hatukupanga jinsi ya kuacha.

Kwa hivyo, kabla hujawasha mpango wako, chukua karatasi ujibu maswali manne:

1. Ni nini kinauanzisha? Kwa mfano, malipo ya gesi.
2. Usubiri siku ngapi? Usikisie. Angalia taarifa ya till uone wateja hurudi baada ya siku ngapi.
3. Nani asitumiwe? Aliyenunua tena kabla ya siku kufika atolewe papo hapo.
4. Mwisho ni upi? Meseji moja, ya pili ikibidi, basi.

Andika fupi pia. SMS moja ya kawaida hubeba herufi 160. Ukipitisha, unalipia mbili.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mteja akubali kabla hujatumia data yake kumtangazia biashara. Kulipa kwa till si kukubali. Muulize, hifadhi jibu lake, na kila meseji impe njia rahisi ya kujiondoa. Kumbuka simu hiyo ndiyo inayopokea ujumbe wake wa malipo. Ukiijaza matangazo, ataanza kupuuza kila kitu.

Mwisho, jaribu kwa namba yako mwenyewe. Badilisha siku za kusubiri ziwe dakika tano. Lipa, kisha lipa tena kabla dakika hizo hazijaisha. Meseji ikija, rudi kwenye swali la tatu. Simu ikinyamaza, mpango wako uko tayari kukutana na wateja.