Joto la sauna lisipotee bure, ila nguo zisianikwe juu ya jiko

Dada yangu anayeishi Finland alinitumia ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, wewe si ndiye wa mambo ya afya? Tukishatoka sauna, lile joto linapotea tu. Nguo za watoto nianike mle?"

Kwa asiyeijua, sauna ni chumba kidogo cha mbao chenye jiko lililojazwa mawe, na joto lake hufika nyuzi 70 hadi 100 za Selsiasi. Finland ina watu kama milioni 5.6, na sauna zinakadiriwa kufika milioni 3, nyingine zikiwa ndani ya fleti. Jiko la umeme la kilowati 6 likiwaka saa moja na nusu mfululizo, uniti 9 zimekwenda. Lazima uumie.

Nilimwambia azime jiko, kisha aache mlango wazi. Joto la mawe litakausha mbao na bafu, ukungu usiote, na wakati wa baridi litasaidia kupasha nyumba. Nyumba nyingi mpya kule zina mashine ya kubadilisha hewa, ambayo huchukua joto la hewa inayotoka na kuipasha ile ya baridi inayoingia. Ila mawe hukaa na moto muda mrefu. Kama una mtoto anayetambaa, mlango wazi bila kizuizi imara mbele ya jiko ni kumkaribisha aungue.

Nguo je? Juu ya jiko, hapana kabisa. Taulo moja ikidondokea mawe inatosha kuwasha moto, na majiko mengine huwashwa kwa saa au kwa simu, mtu akiwa ameshasahau alichoanika. Kamba ifungwe bafuni, nje ya mlango wa sauna.

Kwa jiko la kuni hatari ni nyingine, na hii ndiyo inayoninyima usingizi. Bomba la moshi lina kifuniko. Mtu akikifunga makaa yakiwa bado mekundu ili joto lisitoke, hewa ya kaboni monoksaidi inabaki ndani. Haina rangi wala harufu. Huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na usingizi, na mzazi hudhani mtoto amechoka tu. Ukiona hivyo, toeni watoto nje kwenye hewa safi kwanza, kisha pigeni simu ya dharura. Finland ni 112.

Hatuhitaji kwenda Ulaya kuielewa. Ni hewa ileile ya jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi kule Makete au Limuru, madirisha yakazibwa. Mkaa ukiacha kutoa moshi, watu huona umeshakuwa salama. Si kweli, makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanaitoa.

Dada alijibu asubuhi. La kwake ni la umeme, na soksi za watoto zilikaukia bafuni.