Sayansi: Mmea wenye sura ya ini na bakteria wa udongoni, dawa ilitoka wapi?

Mvua ikinyesha baada ya siku nyingi za jua, wakaaji wa Bukavu, Butembo au Goma wanasikia harufu ya udongo ikipanda. Sehemu kubwa ya harufu hiyo ni jeosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, hasa wa jamii ya Streptomyces.

Mahali penye unyevu, kwenye mawe na kingo za mito, hutambaa mimea midogo ya kijani ya jamii ya Marchantia. Inayojulikana zaidi duniani ni Marchantia polymorpha.

Viumbe hivi viwili havina mizizi. Mmea hujishika chini kwa vinywele vyembamba, na bakteria hukua kama nyuzi zenye upana wa karibu sehemu moja ya elfu ya milimita.

Vyote viwili huhitaji msaada ili kusambaa. Juu ya Marchantia kuna vikombe vidogo vyenye vipande vya mmea. Tone la mvua likiangukia ndani, vipande hurushwa nje na kuota kando. Streptomyces hutoa spora, na mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba vidudu vidogo vya udongoni huvutwa na ile harufu, huzila spora na kuzisambaza.

Tofauti kubwa iko katika dawa. Zamani huko Ulaya, watu waliona Marchantia inafanana na ini, wakaamini inaponya ini. Lakini sura si ushahidi. Ni bakteria asiyeonekana kwa macho aliyeleta dawa. Mwaka 1943, katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, Albert Schatz, mwanafunzi wa Selman Waksman, alipata streptomisini kutoka kwa Streptomyces griseus. Ikawa antibiotiki ya kwanza yenye nguvu dhidi ya kifua kikuu. Waksman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952.

Hata hivyo, ilipotolewa peke yake, mikrobi wa kifua kikuu walianza kuizoea. Ndiyo maana leo wagonjwa hupewa dawa kadhaa pamoja, kwa kawaida kwa miezi 6. Moja kati yake, rifampisini, nayo asili yake ni bakteria wa udongoni.

Kongo ni kati ya inchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu. Mgonjwa anayeacha vidonge kwa sababu kikohozi kimepungua anawapa mikrobi nafasi ileile ya kuizoea dawa.