OILI YA SINTHETIKI: JE, YAFAA MOTOKAA YAKO?

Mkulima akienda kununua ng'ombe wa maziwa huuliza maswali mengi. Huuliza umri wake, amezaa mara ngapi, hutoa maziwa kiasi gani kwa siku, na hata mama yake alikuwa wa namna gani. Lakini mkulima huyo huyo akienda kununua oili ya pikapu yake husema tu, "Nipe ile ya bei rahisi." Au, akiwa ameuza viazi vizuri juma hilo, husema, "Nipe ile iliyo ghali kabisa." Maneno yote mawili yanaweza kumletea hasara.

Jirani yangu mmoja, karibu na Njabini huko Kinangop, aliipata hasara hiyo. Pikapu yake ya dizeli ilikuwa ikipeleka viazi Nairobi mara mbili kwa juma. Siku moja alinunua oili kando ya barabara, katika kopo lenye jina linalojulikana sana, kwa karibu nusu ya bei ya dukani. Majuma machache baadaye, akipanda kuelekea Kinale na magunia 18, taa nyekundu ya oili iliwaka. Alidhani ni waya tu uliokatika, akaendelea. Kabla ya kufika Limuru injini iligonga mara chache, ikakaza, ikasimama. Fundi alipoifungua alikuta oili imekuwa nzito kama uji uliolala, na beringi za krenki zimeliwa kabisa. Ili kupata injini nyingine, iliyokwisha tumika, ilimbidi kuuza mtamba wake mwenye mimba, na bado akakopa.

Tangu siku hiyo watu wa kwetu huambiana, "Nunua oili ya sinthetiki usije ukapatwa na mambo yale." Shauri hilo si baya, lakini halikugusa kosa lenyewe. Kopo la jirani yangu lilikuwa limeandikwa sinthetiki, tena kwa herufi kubwa.

Basi oili hiyo ni kitu gani? Oili ya kawaida hutoka katika mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini. Hata baada ya kusafishwa hubaki na chembe za kila namna, kubwa kwa ndogo, na nta kidogo. Oili ya sinthetiki hutengenezwa kwa ufundi wa kemia ili chembe zake zilingane. Kwa hiyo haigandi upesi kwenye baridi, haiwi nyepesi mno kwenye joto kali, na huchelewa kuharibika. Huko Marekani oili ya Mobil 1 ilianza kuuzwa kwa wenye motokaa mwaka 1974. Lakini mwaka 1999 wasimamizi wa matangazo ya biashara wa huko walikubali kwamba hata oili inayotokana na mafuta ghafi, ikiwa imesafishwa sana kwa haidrojeni, inaweza kuitwa sinthetiki. Oili ya namna hiyo ni nzuri, wala sisemi uikatae. Nasema tu kwamba neno hilo peke yake halikuambii yote yaliyomo katika kopo. Na neno "nusu sinthetiki" hukuambia kidogo zaidi, maana si lazima kweli iwe nusu kwa nusu.

Jambo la kutazama kwanza ni namba. Kila kopo huandikwa namba kama 0W-20, 5W-30, 15W-40 au 20W-50. Namba iliyo mbele ya W huonyesha jinsi oili inavyokwenda injini ikiwa baridi, na W yenyewe ni ya majira ya baridi ya Ulaya na Marekani. Oili ya 15W hupimwa katika baridi ya digrii 20 chini ya sifuri, baridi ambayo hata Kinangop wakati wa jalidi hatujaiona. Namba ya pili huonyesha uzito wa oili injini ikiwa imepata moto, na hiyo ndiyo inayotuhusu zaidi sisi.

Watu wengine husema kwamba oili nzito hulinda injini kuliko nyepesi. Si kweli kwa kila injini. Mahindi ya H614 hustawi sana Kitale, lakini ukiyapanda Makueni mvua itakwisha kabla hayajabeba. Ni hivyo hivyo kwa oili. Motokaa nyingi ndogo zinazoletwa kutoka Japani zina njia nyembamba sana za oili ndani ya injini, na zimetengenezewa oili nyepesi ya 0W-20 au 5W-30. Ukitia 20W-50 humo, oili huchelewa kufika juu asubuhi na petroli huliwa zaidi. Nayo 0W-20 haiwezi kutengenezwa vema kwa oili ya kawaida. Kwa hiyo mwenye motokaa ya namna hiyo hana haja ya kubishana: oili yake ni ya sinthetiki. Kitabu cha gari huenda kimeandikwa Kijapani, lakini namba ni zile zile, na mara nyingi zimechorwa juu ya kifuniko unapotilia oili. Fungua boneti uzisome kabla ya kwenda dukani.

Injini yenye tabo pia hufaidika sana. Mhimili wa tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na hupata moto mkali, na oili dhaifu huungua pale ikawa masizi. (Ukifika na mzigo baada ya kupanda mlima, acha injini ingurume polepole dakika moja kabla ya kuizima. Shauri hili halina gharama.)

Lakini pikapu ya zamani inayovuja, au inayokunywa lita nzima ya oili kila kilomita 1,000, usiitilie oili ya bei kubwa. Utakuwa unachoma fedha. Itilie oili nzuri ya kawaida yenye namba inayotakiwa, na fedha zilizobaki ziende kwa fundi.

Baada ya namba tazama herufi za API. Herufi S ni ya petroli na C ni ya dizeli, na herufi inayofuata ikiwa mbele zaidi katika alfabeti, oili ni ya mpango mpya zaidi. SN ilianza mwaka 2010, SP mwaka 2020. Kwa dizeli, CI-4 ilianza mwaka 2002 na CK-4 mwishoni mwa 2016. Ukikuta kopo la SF, ujue kwamba oili hiyo haifai injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988, hata kopo likiwa linang'aa namna gani.

Sasa tupige hesabu. Tuseme oili ya kawaida ya kujaza injini yako ni shilingi 2,000, na ya sinthetiki ni 5,000. Filta na kazi ya fundi ni 1,000 kila mara. Ukibadilisha ile ya kawaida kila kilomita 5,000, umetumia senti 60 kwa kila kilomita. Ukibadilisha ile ya sinthetiki kila kilomita 10,000, umetumia senti 60 vile vile. Lakini kilomita 10,000 ni za barabara ya lami na safari ndefu. Mkulima anayekwenda kwenye vumbi na mzigo mzito, au anayepeleka maziwa kilomita tatu na kurudi kabla injini haijapata moto, inampasa kubadilisha mapema. Akiibadilisha kila kilomita 5,000, oili ya sinthetiki itamgharimu shilingi 1 na senti 20 kwa kilomita. Kama injini yake haihitaji oili hiyo, fedha hizo zingenunua mbolea.

Turudi kwa kopo la jirani yangu. Fundi alisema ile ilikuwa oili chafu iliyochujwa na kutiwa katika kopo la kweli. Kwa hiyo nunua katika duka linalokubali kukupa risiti. Tazama kama kifuniko kimewahi kufunguliwa. Tafuta alama ya KEBS: kwa bidhaa za hapa Kenya unaweza kutuma SM# na namba iliyo chini ya alama kwa 20023, ujibiwe ni ya nani. Bei ya nusu ni onyo, si bahati. Kuuza bidhaa bandia ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2008, lakini sheria haitakurudishia mtamba wako.

Taa nyekundu ikiwaka, simama hapo hapo na uzime injini. Jirani yangu sasa hupima oili kila asubuhi ya safari, gari likiwa mahali tambarare, na ameandika kilomita za kubadilisha kwenye karatasi aliyoibandika mlangoni. Oili chafu haimwagi shambani wala hapaki tena nguzo za ua, kwa sababu hudhuru ngozi na huingia katika maji ya kisima. Huirudisha gereji ndani ya dumu. Na kopo tupu hulitoboa kwa msumari mara tatu nne kabla ya kulitupa, asije mtu akalijaza tena.