Baraza la maoni na mtu mwenye ulemavu: funzo kutoka Manga

Mimi ni mtu wa Pwani ninayefanya kazi Manga, kaunti ya Nyamira, juu ya mlima unaoutazama mji wa Kisii. Huku njia ni za miteremko, na mvua ikinyesha tope huteleza hata kwa mwenye miguu mizima. Mtu wa mikongojo akiitwa barazani kutoa maoni, swali lake la kwanza si atasema nini, ni atafikaje. Kwetu mteremko haupo, lakini mchanga upo, ngazi zipo, na mashua ya Lamu haina pa kuingizia kiti cha magurudumu.

Sheria iko wazi. Ibara ya 10 ya Katiba ya 2010 inautaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa nguzo ya uongozi, na Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti liushirikishe umma katika kazi zake. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma, kupata habari, na kutumia lugha ya ishara, breili au njia nyingine inayomfaa. Mei 2025 ilitiwa saini sheria mpya ya watu wenye ulemavu, badala ya ile ya 2003. Mswada wake uliletwa Seneti na Crystal Asige, seneta mteule mwenye ulemavu wa macho. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tatizo liko kwenye vikao vyenyewe. Niliwahi kukaa katika kikao cha maoni ambapo kiziwi mmoja alitia sahihi karatasi ya mahudhurio, akakaa saa mbili bila mkalimani, akaenda zake. Kwenye ripoti, yule ameshirikishwa.

Jambo la pili: wengi wetu hungoja kikao kilichoitwa cha walemavu. Lakini zahanati, masoko, barabara za kaunti na shule za chekechea ziko chini ya kaunti, na fedha zake hupangwa kwenye bajeti. Makadirio hufikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Asiyekwenda huko atakuja kuomba njia ya kiti cha magurudumu baada ya zahanati kwisha kujengwa.

Basi tufanyeje? Tangazo likitoka, muandikie karani wa bunge la kaunti au afisa wa wadi mapema, ueleze unahitaji nini: mkalimani, chumba cha chini, maandishi makubwa. Weka nakala. Ukishindwa kufika, peleka maoni yako kwa maandishi. Nayo ni maoni kamili. Taja kitu kimoja kinachopimika, kama vile choo cha zahanati fulani, kuliko kusema "tusaidiwe". Kisha uliza yale maoni yalifikia wapi: chini ya sheria ya 2016 ya kupata habari, ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu.

Na wewe usiye na ulemavu, ukiingia kikaoni tazama mlango na ngazi. Kama jirani yako hakuweza kupita, lisemee hilo kabla hujazungumza la kwako.