Mbio za mara moja kwa mwaka hazitoshi

Kila Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kula sikukuu, Kirua Vunjo huonekana kituko kilekile. Baba aliyetoka Dar anapanda kilima kwenda kihambani, anasimama mara tatu kuvuta pumzi. Bibi wa watoto, mwenye miaka sabini na kitu, anampita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Watoto wanacheka. Baba anaapa: Kili Marathon ijayo, lazima nikimbie!

Nia ni njema, ila mwili wa bibi haukujengwa kwa siku moja.

Ukijikata, mahali hapo huvimba na kupata joto. Huo ni mcharuko, namna mwili unavyojihami, na ukiisha kazi hupoa. Wenye hatari ni ule mdogo usiopoa, unaowaka chinichini kwa miaka kwa mtu mwenye kitambi na asiyetembea. Lehemu mbaya, yaani LDL, ikizidi kwenye damu hupenya kuta za mishipa. Mcharuko huifuata humo, mshipa ukaziba kidogo kidogo. Matokeo yake ni shambulio la moyo au kiharusi.

Mazoezi ya kila wiki husaidia pande zote mbili. Misuli inayofanya kazi hutoa kemikali zinazotuliza mcharuko, na mafuta ya tumboni hupungua. Lehemu nzuri, HDL, hupanda kiasi. LDL ni mkaidi zaidi: hushuka kidogo tu, na wengine wameirithi kwa wazazi. Kwa hiyo hata mwanariadha mwembamba apime.

Chakula nacho kina neno. Watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walichapisha mwaka 2025 utafiti wa wanaume 77 wa Kilimanjaro. Waliozoea chakula cha kijijini walipewa cha kizungu kwa wiki 2 tu, na dalili za mcharuko zikapanda kwenye damu. Baba akikimbia asubuhi na kula chipsi kila jioni, anajirudisha nyuma mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na watoto kuanzia miaka 5 dakika 60 kwa siku. Kutembea kwa haraka kunahesabika, na kulima pia. Mtoto anayepelekwa shule kwa bodaboda, umbali ambao baba yake alitembea, amenyang'anywa dakika zake bila mtu kukusudia.

Na baba akikimbia kweli? Aanze mapema, aongeze taratibu, na mwenye presha au sukari amwone daktari kwanza. Maumivu ya kifua njiani si ya kuvumilia: asimame, aombe msaada. Kesho yake asikimbilie maabara, maana baada ya kilomita 42 kipimo cha mcharuko, CRP, hupaa hata kwa mtu mzima wa afya. Asubiri wiki moja au zaidi ndipo apime, na lehemu apime siku hiyohiyo.